Mpira, Matusi na Mawe: Tangu Léopoldville Hadi Kiwanja Chetu



Kila mwaka tarehe 4 Januari sisi Wakongo, hata tulio ugenini, tunawakumbuka Mashahidi wa Uhuru. Hapa kambini tunafanya kama mnavyojua. Asubuhi tunakaa kimya kidogo, padri anaomba, mchungaji anaomba, shehe anaomba. Kisha mzee mmoja anasimulia habari za Kasa-Vubu na Lumumba, na mchana wote tunakwenda kiwanjani kutazama mpira. Mwaka jana kijana mmoja wa sekondari alisimama katikati ya mkutano akauliza: "Wazee wangu, naomba kuuliza. Mpira unahusiana nini na mashahidi?" Watu wakacheka, naye akaketi kwa haya.

Kamati iliona kwamba kijana yule hakustahili kuchekwa. Ndiyo sababu sisi walimu tulio katika idara ya utamaduni na michezo tumepewa kazi ya kumjibu katika jarida hili. Tumeandika kwa urefu kidogo, na tunaomba mtuvumilie, maana jibu lake linaanzia Kinshasa ya zamani na kuishia kwenye kiwanja chetu wenyewe, mahali ambapo hatukujivunia yaliyotokea.

MPIRA WA TATA RAPHAËL

Mpira uliletwa Kongo na Wazungu wa misheni, wa reli na wa migodi. Huko Kinshasa, iliyoitwa Léopoldville, jina linalokumbukwa kuliko yote ni la Padre Raphaël de la Kethulle, Mbelgiji wa shirika la Scheut, aliyefika mwaka 1917 na kuitwa na watu Tata Raphaël. Alijenga shule, akajenga viwanja, akaunda timu na mashindano. Katika fikira zake mpira ulikuwa sehemu ya elimu: kijana acheze, achoke, asipate nafasi ya ulevi wala ya fujo. Kule Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, wamonaki Wabenediktini walifanya vivyo hivyo, na timu tunayoiita TP Mazembe ilizaliwa mikononi mwao mwaka 1939.

Hatuwezi kuwanyima haki yao. Wengi wa babu zetu walijua kusoma na kupiga penalti kwa mwalimu mmoja. Lakini elimu ile ilikuwa na pengo. Ilimfundisha Mwafrika kutii filimbi, wala haikumfundisha Mzungu kwamba filimbi ni ya watu wote. Katika miji ya Bula Matari, Mzungu aliishi mjini, Mwafrika kwenye sité, na usiku Mwafrika hakuruhusiwa kutembea katika mitaa ya Wazungu. Mpira nao uligawanywa namna hiyo: Wazungu na ligi yao, Waafrika na yao.

Mwaka 1952 ulifunguliwa uwanja mkubwa wa Mfalme Baudouin, ambao leo unaitwa Tata Raphaël. Ni uwanja ule ule ambapo Muhammad Ali alimpiga George Foreman mwaka 1974, na wazee wetu kadhaa hapa wanaapa kwamba walikuwapo. (Kama wote wanaoapa walikuwapo kweli, uwanja ungepasuka.) Katika uwanja huo, tarehe 16 Juni 1957, timu ya Ubelgiji iitwayo Union Saint-Gilloise ilicheza na timu ya Léopoldville. Mwamuzi alikuwa Mbelgiji. Alikataa mabao mawili ya Wakongo akisema wameotea, na Wabelgiji wakashinda 4 kwa 2.

Labda waliotea kweli. Hakuna awezaye kujua leo, na hilo ndilo jambo la kufikiria. Kama mwamuzi ni wa ukoo wa wale wanaokutawala, wanaokupangia saa ya kulala na mtaa wa kuishi, hata akipuliza kwa haki hutamwamini. Watazamaji walitoka uwanjani wakiwa na hasira, wakayapiga mawe magari ya Wazungu. Watu wapatao 40 walijeruhiwa na magari kama 50 yakaharibiwa.

Miaka miwili haikutimia. Jumapili tarehe 4 Januari 1959 chama cha ABAKO kilikuwa kimekusudia kufanya mkutano, na wakubwa wa serikali wakaukataza. Watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Kasa-Vubu aliwaomba waende nyumbani, lakini wengi walibaki. Saa zile zile mechi ilikuwa inamalizika uwanjani, ambapo V.Club ilikuwa imefungwa na Mikado, na mashabiki wapatao 20,000 walikuwa wanatoka nje. Makundi hayo mawili yakakutana njiani. Mji ukawaka moto, maduka yakavunjwa, na wanajeshi wa Force Publique wakatumwa na bunduki. Serikali ilihesabu maiti chini ya 50. Watu wa sité walisema waliokufa ni mamia. Tarehe 13 Januari mfalme wa Ubelgiji alitangaza kwamba Kongo itapewa uhuru.

Basi, kijana wetu, mpira ulikuwamo. Hatusemi kwamba uhuru uliletwa na V.Club kufungwa, ingawa mashabiki wa Mikado wangependa kusikia hivyo. Watu walidai uhuru kwa sababu walinyimwa haki zao. Uwanja ulikuwa mojawapo ya mahali ambapo serikali iliruhusu Waafrika elfu nyingi kukaa pamoja, na kila mmoja alileta pale mambo aliyojifunza mitaani wiki nzima: dharau, woga na hasira.

RANGI MOJA, MAWE YALE YALE

Baada ya uhuru wengi walidhani mambo hayo yamekwisha, kwa kuwa mwamuzi sasa ni Mwafrika, na wachezaji na polisi pia. Wasomaji wetu mliotoka Kivu ya Kaskazini mnajua kwamba haikuwa hivyo. Tarehe 14 Septemba 2008 huko Butembo timu za Socozaki na Nyuki System zilikuwa zinacheza. Kipa mmoja aliondoka golini mwake akapanda mbele, watu wakasema anafanya dawa ili timu yake ishinde. Wachezaji wakapigana. Afisa wa polisi aliyetaka kuwatuliza akarushiwa mawe, polisi wakapiga mabomu ya machozi, na umati ukakimbilia kwenye milango. Watu 13 walikufa, wengi wao watoto na vijana wadogo waliokanyagwa.

Hapo hapakuwa na Mbelgiji wala rangi mbili. Palikuwa na tuhuma ya uchawi, mwamuzi asiyesikilizwa, na polisi wasiojua kazi nyingine isipokuwa gesi. Kinshasa mwaka 2014, V.Club na Mazembe walipocheza katika uwanja ule ule wa Tata Raphaël, mabomu ya machozi yalipigwa tena na watu 15 wakafa katika msongamano.

Wako wanaosema kwamba ubaguzi wa rangi ni shida ya Ulaya, na sisi tuna "ugomvi wa kabila" tu, kama kwamba ni mdogo wake. Sisi hatukubali. Anayemwita mwenzake nyani kwa sababu ya ngozi, na anayemwita mwenzake nyoka au mende kwa sababu ya kabila, wamesoma darasa moja. Wote wawili wameambiwa na mtu fulani kwamba yule mwingine si mtu kamili. Na kwa kuwa wameambiwa, wanaweza kuambiwa vingine. Hapo ndipo sisi walimu tunapata kazi.

WAFUNGWA WALIOJIFUNDISHA FILIMBI

Katika historia yote ya mpira wa Afrika, hadithi inayotufaa sisi wa kambini kuliko nyingine ni ya Kisiwa cha Robben, kule Afrika Kusini. Tuliisoma kwa sauti jioni kadhaa, na kila mara watu walitaka irudiwe.

Afrika Kusini ya makaburu ilikuwa na shirika la mpira la Wazungu peke yao. Mwaka 1957 nchi za Afrika zilipoanza Kombe la Afrika huko Khartoum, Afrika Kusini ilikuwa miongoni mwa waanzilishi, lakini ilikataa kuleta timu yenye watu wa rangi zote. Ikabaki nje, na kombe likachezwa na Misri, Sudan na Ethiopia tu. FIFA iliisimamisha mwaka 1961, ikaifukuza mwaka 1976, na haikuirudisha hadi mwaka 1992. Huo ulikuwa ubaguzi ulioandikwa kwenye karatasi na kupigwa muhuri.

Wakati huohuo, katika jela ya kisiwa kile, wafungwa wa siasa walikuwa wanavunja mawe mchana na kulala kwenye sakafu usiku. Walianza kucheza vyumbani kwa siri, na mipira ya matambara, kama watoto wetu wanavyofanya na mifuko ya plastiki. Kisha wakaanza kuomba ruhusa ya kucheza nje. Waliomba miaka mitatu. Walioomba waliadhibiwa, hata kwa kunyimwa chakula, na juma lililofuata wakaomba tena. Msalaba Mwekundu ukawatetea. Mwishoni mwa mwaka 1967 wakaruhusiwa Jumamosi.

Wasomaji watafikiri kwamba tangu hapo ilikuwa furaha tupu. Sivyo. Wafungwa wale walikuwa wa vyama viwili vikubwa, ANC na PAC, ambavyo havikupatana. Walikula mbalimbali na kusengenyana, na timu za kwanza zilifuata vyama. Halafu klabu moja iliyoitwa Manong iliamua kupokea mchezaji yeyote mzuri bila kuuliza chama chake. Tunadhani uamuzi huo ulihitaji ushujaa kama wa kupigana na makaburu, maana ni rahisi zaidi kumkabili adui kuliko kumwambia ndugu yako kwamba utacheza na yule anayemchukia. Baadaye Manong ikawa timu bora kuliko zote, na wengine wakaiga.

Mwaka 1969 waliunda chama chao, wakakiita Makana, kwa jina la shujaa wa Waxhosa aliyefungwa na Waingereza katika kisiwa hicho na kufa maji mwaka 1820 akijaribu kutoroka. Chama kilikuwa na katiba, madaraja matatu ya ligi, kamati ya nidhamu, watu wa huduma ya kwanza na umoja wa waamuzi. Walisoma sheria za FIFA kama watu wanaojiandaa kwa mtihani. Mchezaji aliyetaka kulalamika hakupiga kelele; aliandika barua, na barua yake ikajibiwa kwa barua. Karatasi hizo ni nyingi mno, zilijaza makumi ya masanduku, na zipo hadi leo. Mwenyekiti mmoja wa Makana alikuwa Dikgang Moseneke, aliyefungwa akiwa na miaka 15 tu, na ambaye baadaye alikuwa Naibu Jaji Mkuu wa nchi ile. Jacob Zuma, aliyekuwa rais mwaka 2009, alikuwa miongoni mwa waliocheza na kuamua mechi.

Haikuwa paradiso. Mwaka 1970 wachezaji wa timu iliyoitwa Atlantic Raiders walikasirishwa na uamuzi, wakaenda kulala chini katikati ya kiwanja ili mechi isiendelee. Kesi yao iliendelea miezi, mashahidi wakaitwa, wakili wa kila upande akasimama. Tulipofika hapa katika kusoma, mzee mmoja alisema: "Miezi yote hiyo kwa mpira?" Mwenzake akamjibu: "Afadhali miezi ya maneno kuliko dakika moja ya mawe." Hatukuwa na la kuongeza.

Mandela mwenyewe hakucheza. Yeye na wenzake wa upande wa waliotengwa walikatazwa. Walitazama kwa mbali kupitia madirishani, na wakubwa wa jela wakajenga ukuta ili wasione. Mwaka 2007 FIFA ilikipa chama cha Makana uanachama wa heshima.

Wafungwa wale walikuwa na sababu zote za kufundishana chuki. Walichagua kufundishana kitu kigumu zaidi, yaani namna ya kukubali uamuzi unaokuumiza, ukitolewa na mtu wa upande mwingine, kwa sheria ambayo nyote mmeisoma. Raia wa Léopoldville mwaka 1957 hawakupewa nafasi hiyo. Walipewa mwamuzi, wakaambiwa wamtii.

WAZUNGU NAO WALIENDA SHULE

Tupite Ulaya upesi, kwa kuwa vijana wetu wanatazama ligi za huko kwenye vibanda vya video na wanazijua kuliko sisi. Wanajua kwamba Marc Zoro wa Ivory Coast, akichezea Messina ya Italia mwezi Novemba 2005, alichoka na kelele za nyani akauchukua mpira mkononi atoke nje. Waliomsihi abaki ni wapinzani wake wa Inter, Adriano na Martins. Juma lililofuata mechi zote za ligi kubwa ya Italia zilicheleweshwa dakika tano. Dakika tano ni adabu, lakini si somo. Huko Hispania, tarehe 21 Mei 2023, Vinícius Júnior alitukanwa Valencia, na mwaka 2024 mahakama iliwahukumu mashabiki watatu kifungo cha miezi minane, mara ya kwanza katika nchi hiyo kwa matusi ya rangi uwanjani. Hukumu ilihitajika. Lakini mtu aliyehukumiwa hajafundishwa bado.

Kisa cha Shaka Hislop kinatuvutia zaidi. Alikuwa kipa wa Newcastle ya Uingereza, mtu mweusi mwenye asili ya Trinidad. Siku moja usiku alikuwa anatia petroli gari lake karibu na uwanja wa timu yake, vijana kadhaa wakaanza kumtukana kwa rangi yake. Mmoja wao akamtambua. Mara wote wakabadilika, wakamjia kuomba sahihi yake. Vijana wale wale, dakika ile ile! Hislop hakuishia kusikitika. Alitoa pesa zake, na mwaka 1996 likaanzishwa shirika la kupeleka wachezaji mashuleni kuzungumza na watoto juu ya ubaguzi. Aliona kwamba matusi ya wale vijana hayakuwa na mizizi mirefu. Yalikuwa mazoea waliyoyaokota mahali. Mazoea huondolewa kwa mazoea mengine, na shule ndiyo mahali pa mazoea.

Lakini tusiudanganye moyo. Jirani zetu wa Rwanda wana kisa cha kipa mwingine, Eugène Murangwa wa Rayon Sports, aliyeitwa Toto. Mwaka 1994, siku za kwanza za mauaji ya kimbari, askari waliingia kwake kumwua kwa kuwa ni Mtutsi. Katika kupekua walikuta picha zake za mpira, askari mmoja akatambua kwamba huyu ni Toto wa Rayon, wakamwacha. Baadaye alifichwa na wenzake wa timu. Tangu mwaka 2010 ana shirika linalofundisha vijana amani kwa njia ya mpira. Kisa hiki kinatutia moyo na kututia hofu pamoja, maana jirani yake ambaye hakuwa kipa wa Rayon hakuwa na picha ya kumwokoa. Mtu asihitaji kuwa mchezaji hodari ndipo aitwe mtu.

KIWANJA CHETU

Sasa tufike nyumbani. Wengine katika Kamati walitaka tuiruke sehemu hii katika jarida la kumbukumbu. Tumeiandika.

Sote tunakumbuka mashindano yale ambayo nusu fainali yake haikumalizika. Hatutayataja makabila ya timu mbili zile. Kila msomaji anayajua, na hilo peke yake ni aibu yetu. Timu ziliundwa kwa makabila kwa sababu sisi wenyewe wa Kamati tuliziandikisha hivyo. Ilikuwa rahisi. Watu walikuwa wamejenga vibanda kwa kufuatana na kwao, na tukasema kila upande ulete timu. Tuliyagawa makabila yetu kiwanjani kama Bula Matari alivyogawa miji yake, wala hatukuambiwa na mtu.

Mwamuzi alikuwa wa upande mmoja. Alikataa bao la upande wa pili. Watu wakaanza kupiga kelele: "Rudini kwenu!" Mkimbizi anamwambia mkimbizi mwenzake arudi kwao! Kama isingekuwa msiba tungecheka. Kisha maneno mengine yakafuata, yale ambayo wengi wetu tuliyasikia mara ya mwisho usiku tuliokimbia. Kisha mawe.

Mtoto aliyeumizwa jicho hakuwa shabiki. Alikuwa anauza mandazi ya mama yake kwenye beseni. Jicho halikupona. Mama yake hadi leo hapiti njia ya kiwanjani. Huzunguka kwa kanisa, hata mvua ikinyesha na kilima kikiteleza. Tunamwomba radhi tena katika ukurasa huu, yeye na mwanawe, na tunajua kwamba ukurasa hautoshi.

Kiwanja kilifungwa kwa miezi. Kilipofunguliwa waliletwa polisi na fimbo, na mechi tatu zikachezwa kwa amani. Polisi walipoitwa kazi nyingine, mechi ya nne ilirudi palepale, ingawa safari hii ilikuwa ngumi tu. Hapo ndipo mzee mmoja, ambaye kabla ya vita alikuwa mwamuzi wa ligi huko Bukavu, alipokuja kwenye Kamati na kusema: "Ninyi mnawachapa watoto kwa kushindwa mtihani wa somo ambalo hamkuwafundisha."

Tulianza na sheria. Sheria za mpira ni 17, na tuligundua, kwa aibu, kwamba hata makapteni hawakuzijua. Wengi walibishana juu ya kuotea bila kujua kuotea ni nini. Mzee alizieleza kwa Kiswahili chini ya mwembe, kwa mawe madogo na visoda vya chupa, siku mbili kwa juma. Sheria iliyosumbua kuliko zote ni ile ya kuacha mchezo uendelee pale aliyechezewa rafu akibaki na nafasi nzuri. "Kwa nini nisipewe haki yangu papo hapo?" aliuliza kijana mmoja. Walibishana jioni nzima juu ya hilo. Sisi tuliokaa pembeni tulihisi hawazungumzi mpira tena.

Halafu akaleta zoezi la filimbi. Kila kijana aliyewahi kumtukana mwamuzi alitakiwa kuamua mechi ya watoto wa makabila mengine, na wazazi wao wakitazama. Yule aliyekuwa kinara wa kelele katika nusu fainali, kijana mrefu mwenye sauti kama ng'ombe, alipuliza dakika ishirini, jasho likamtoka, akaja kwa mzee akamwomba: "Baba, nipokee filimbi hii, watu hawa wataniua." Mzee akakataa. Kijana akamaliza mechi. Leo ni mwamuzi wetu, na ni mkali kupita kiasi, kadi zake ni nyingi mno. Tumemwambia.

Jambo la tatu lilifanyika shuleni, nalo ndilo lililotuumiza. Tuliwaomba watoto wa darasa la tano na la sita waandike kwenye karatasi, bila majina, tusi moja la kabila wanalolijua na mahali walipolisikia kwanza. Tulitegemea waandike kiwanjani, au sokoni, au kwenye foleni ya chakula. Wachache waliandika hivyo. Karatasi baada ya karatasi iliandikwa: nyumbani. Mmoja aliandika "kwa baba akisali". Tulizisoma karatasi hizo katika mkutano wa wazazi, na kwa muda mrefu hakuna aliyeomba neno.

Timu sasa zinaundwa kwa kura, na katika kila timu lazima wawemo wa pande zote za kambi. Waamuzi ni wawili wawili wa makabila tofauti, mmoja na filimbi, mmoja kando, wakibadilishana kipindi cha pili. FIFA ingeshangaa, lakini FIFA haiishi hapa. Malalamiko yanaandikwa kwenye daftari kabla jua halijatua, kama wafungwa wa Makana, na Kamati inajibu kwa maandishi. Asiyejua kuandika anaandikiwa na mwanafunzi, na tumeona kwamba tusi likisomwa tena polepole na mtoto wa shule, mwenyewe huomba lifutwe.

Hatujafika mbali. Upande mmoja wa kambi haujaleta wachezaji tangu kura zianze, na wazee wao wanasema tunawachanganya watoto wao na waliowaua babu zao. Tumekwenda kuzungumza nao mara mbili. Hatukuwaambia kwamba wamekosea kukumbuka, maana sisi pia tunakumbuka, na ndiyo maana ya siku ya leo. Tuliwaomba tu wamlete mtoto mmoja aje atazame. Hawajajibu. Akina dada wameunda timu mbili, wamechanganyika bila kupigiwa kura na mtu yeyote, na wanalalamika kwa haki kwamba wanapewa kiwanja jua likiwa limekwisha zama. Waamuzi wawili tuliowafundisha wamehamishiwa nchi za mbali, tukafurahi kwa ajili yao na kusikitika kwa ajili yetu.

Na yule kijana aliyeuliza swali mwaka jana ameomba kujifunza filimbi.

Mechi ya Siku ya Mashahidi itaanza saa nane kamili mchana. Itatanguliwa na mechi ya akina dada saa sita, wakati kiwanja kina mwanga. Mafunzo ya waamuzi yataanza tena Jumatatu saa kumi jioni chini ya mwembe, karibu na bomba la pili. Wanaotaka kujiandikisha wamwone katibu, yeye ndiye mwenye daftari. Filimbi zipo mbili, na moja haitoi sauti vizuri. Mwenye nyingine atusaidie.